Mtoto Apewe Darasa Lipi?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zako za Kiswahili niseme neno juu ya jambo ambalo kila muhula laleta ugomvi katika ofisi za walimu wakuu wa upande wetu huu, tangu Katwe mpaka Bwera. Jambo lenyewe ni hili la kumpa mtoto darasa. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Nilizaliwa Katwe, karibu na ziwa la chumvi, na sasa ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya sekondari isiyo mbali na mpaka wa Mpondwe. Kwa hiyo nasema habari ninazoziona kwa macho, wala si za kusikia njiani.

Wengi hudhani kwamba jambo hili ni rahisi. Mtoto akifaulu hupanda, akishindwa hurudia, basi. Pengine ni rahisi mahali ambapo watoto wote wametoka shule za namna moja, wamesoma kwa lugha moja, na wana vyeti mkononi. Kwetu sivyo. Hapa Bwera mtu huvuka mto Lubiriha akawa katika nchi nyingine kabla chai yake haijapoa. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, lugha yao ni moja, na mpaka uliowekwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20 haukuukata undugu huo. Shangazi yuko Kasindi, mjomba yuko Bwera. Vita vinapochafuka upande wa Beni, kama vilivyochafuka mara nyingi tangu mwaka 2014, watoto huletwa kwa mjomba, na baada ya juma moja au mawili mjomba huenda shuleni kuomba nafasi. Hapo ndipo swali laanza: Mtoto huyu apewe darasa lipi?

Nitaeleza habari ya mtoto mmoja ninayemjua vizuri, maana ni mtoto wa dada yangu aliyeolewa upande wa Kongo. Alikuja mwezi wa Julai, umri wake miaka 15, amemaliza mwaka wa pili wa sekondari ya huko. Hakuwa na ripoti wala cheti, kwa sababu walikimbia usiku. Nilikuwa safarini, basi alipelekwa na jirani katika shule moja ambayo sitaitaja jina. Akapewa karatasi moja ya mtihani wa Kiingereza. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili na Kifaransa tangu utoto wake atajibu nini? Aliandika jina lake na tarehe. Akaambiwa, “Wewe nenda darasa la sita la shule ya msingi.” Hakuna aliyempa hesabu hata moja ya kufanya. Hakuna aliyemwuliza habari za sayansi.

Niliporudi nilimkuta ameinama. Akaniambia, “Mjomba, kule nilikuwa nasoma kemia. Hapa nafundishwa kutaja siku za juma, na watoto wadogo wanicheka kwa sababu magoti yangu hayaingii chini ya dawati.” Nilijaribu kumwombea nafasi nyingine, lakini muhula ulikuwa umekwisha kati na madaftari yamekwisha kununuliwa. Alivumilia mihula miwili. Kisha siku moja hakwenda shule, akaenda mpakani kuchukua mizigo ya wafanya biashara kwa ujira. Mpaka leo yuko huko. Ni kijana hodari, na watu humsifu kwa nguvu zake. Lakini mimi mwalimu wa hesabu najua kwamba kichwa chake kilikuwa bora kuliko mabega yake.

Simlaumu mtu mmoja. Mwalimu aliyempa darasa lile alikuwa na watoto wengi mlangoni na dakika chache za kuamua. Ninalolaumu ni ile desturi ya kupima mtoto mzima kwa kipimo kimoja, kisha kumfungia darasani kwa kipimo hicho mwaka mzima. Tena siyo watoto wa Kongo peke yao wanaoumia. Nitaonyesha hapa chini kwamba hata watoto wetu wenyewe hupatwa na jambo hilo hilo, kwa namna nyingine.

Kwanza tuhesabu miaka, maana hesabu haina upendeleo. Sisi Uganda tuna miaka 7 ya shule ya msingi, miaka 4 ya sekondari ya chini, na miaka 2 ya sekondari ya juu, jumla 13. Kongo wana miaka 6 ya msingi na miaka 6 ya sekondari, jumla 12. Rwanda ni 6, kisha 3, kisha 3, nayo ni 12. Kenya walikuwa na 8 na 4 tangu mwaka 1985, lakini wameuacha mpango huo. Mtihani wa mwisho wa kumaliza darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na sasa mtoto wa huko husoma miaka 6 ya msingi, miaka 3 ya sekondari ya chini, na miaka 3 ya juu.

Sasa angalieni. Mtoto wa Kongo aliye katika mwaka wa kwanza wa sekondari amekwisha soma miaka 6, yaani yu sawa na mtoto wetu wa darasa la saba. Akiambiwa aingie darasa la saba, mzazi wake hukasirika akisema mwanawe ameshushwa, kumbe hakushushwa hata kidogo. Ni majina tu yaliyotofautiana. Lakini yule aliyemaliza mwaka wa pili wa sekondari amesoma miaka 8, naye ni sawa na mtoto wetu aliyemaliza kidato cha kwanza. Kumweka huyu katikati ya darasa la sita ni kumnyang’anya miaka miwili na nusu ya maisha yake. Mzazi wa kwanza yafaa aelezwe kwa upole, na mzazi wa pili yafaa asikilizwe. Lakini ofisi isiyohesabu miaka huwajibu wote wawili kwa sauti moja.

Pili, tutazame kalenda. Shule zetu huanza mwaka mwezi wa Februari na kuumaliza Desemba. Shule za Kongo huanza Septemba na kumaliza mapema mwezi wa Julai. Kwa hiyo mtoto anayevuka mto mwezi wa Julai amemaliza mwaka mzima, nasi tuko katikati ya mwaka wetu. Akiingizwa darasa la chini apoteza nusu mwaka. Akiingizwa darasa la juu akosa masomo ya nusu mwaka ya mwanzo. Hakuna njia isiyo na hasara, na ndiyo maana jambo hili lataka busara, wala si karatasi moja ya mtihani.

Tatu, tutazame alama. Kule Kongo mtoto hupewa alama kwa mia, na akipata 50 amepita. Kwetu, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, yaani PLE, una masomo manne, na kila somo hupewa daraja kuanzia 1 mpaka 9. Mtoto hodari kabisa hupata jumla ya 4, na aliyeanguka kabisa hupata 36. Hapa idadi ndogo ndiyo nzuri, na kule idadi kubwa ndiyo nzuri. Nimeona mzazi akionyesha kwa fahari ripoti yenye alama 62 kwa mia, na karani akaguna kana kwamba alama hizo ni za mtoto mvivu. Mtu asiyejua kipimo cha mwenzake asiwe mwepesi wa kuhukumu.

Haya, najua kwamba walimu wakuu wana hoja zao, nazo ni nzito. Wasema kwanza kwamba masomo yetu ni ya Kiingereza, na mtoto asiyejua lugha hiyo hataelewa somo lo lote. Wasema pili kwamba mtoto asiye na cheti cha PLE hawezi tu kujiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Hana budi kwanza cheti chake cha nje kilinganishwe na Baraza la Mitihani, UNEB. Mwalimu mkuu akimpokea mtoto asiye na karatasi, huenda akafika kidato cha nne akazuiwa mlangoni. Wasema tatu kwamba mtoto akiwekwa juu ya uwezo wake ataanguka, na kuanguka kwake kutamvunja moyo zaidi kuliko kushushwa.

Nawajibu kwa heshima. Juu ya hoja ya vyeti nakubali kabisa, na ndiyo sababu nasema kazi ya kutafuta vyeti ianze siku ile ile mtoto anapopokewa, wala isingojwe mpaka kidato cha nne. Mzazi aambiwe wazi karatasi gani zatakiwa. Jamaa waliobaki ng’ambo waombwe kwenda katika shule ya zamani kutafuta nakala. Yaweza kuchukua mwaka, lakini tukianza mapema mwaka huo tunao.

Juu ya hoja ya lugha, nasema hivi. Kutojua Kiingereza si kutojua hesabu. Sita mara saba ni arobaini na mbili Kasindi kama ilivyo Bwera. Mtoto ajuaye kutafuta eneo la duara hausahau ujuzi huo kwa kuvuka daraja. Ikiwa upungufu wake ni Kiingereza, basi dawa yake ni Kiingereza, wala si kurudishwa kujifunza upya mambo anayoyajua. Mgonjwa wa jino hafungwi bendeji mguuni.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mwaka ule ule Kongo ilitia sahihi mkataba wa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 8 Aprili. Shule nyingi zalia kwamba walimu wa Kiswahili ni haba. Na hapa mlangoni petu wasimama watoto wanaosema Kiswahili kila siku nyumbani na sokoni, nasi twawatuma darasa la sita kwa sababu hawana Kiingereza! Mtoto yule yule ambaye angeweza kuwasaidia wenzake katika somo moja la lazima, tunamhukumu kuwa mjinga kwa sababu ya somo jingine la lazima. Mwenye duka aliye na sukari nyingi na chumvi kidogo hafungi duka, bali hutafuta chumvi.

Juu ya hoja ya tatu, ya kwamba atavunjika moyo, naomba tukumbuke mambo yaliyotupata sisi sote. Tarehe 20 Machi 2020 shule zote za Uganda zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Zilifunguliwa nusu nusu, zikafungwa tena, na hazikufunguliwa kabisa mpaka tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kama huo. Zilipofunguliwa, Serikali haikusema kila mtoto arudi mahali alipoachia. Ilisema wanafunzi wapande darasa lililofuata, na walimu wafundishe kwa mtaala uliofupishwa ili kuziba pengo. Kwa nini ilifanya hivyo? Kwa sababu kosa halikuwa la watoto. Na wengi waliorudi waliziba pengo wakaendelea mbele. Wako wasiorudi kabisa, wavulana waliokwisha zoea fedha ya samaki na ya chumvi, na wasichana waliokwisha kuwa mama. Hao hawakupotezwa na darasa gumu. Walipotezwa na muda mrefu waliokaa nje ya shule.

Basi, ikiwa tuliwahurumia watoto wetu kwa ajili ya ugonjwa, kwa nini tusiwahurumie watoto wa ndugu zetu kwa ajili ya vita? Wala vita havichagui upande wa mto. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, huku kwetu Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Mtu wa Kasese haitaji kufundishwa na mgeni namna vita vinavyoweza kukatiza masomo ya mtoto.

Sasa niwageukie watoto wetu wenyewe, maana nilisema jambo hili lawagusa pia. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007. Shukrani kwa mipango hiyo, watoto wengi wa wavuvi na wachimba chumvi wamefika mahali ambapo baba zao hawakufika. Na Wizara imekataza mara nyingi shule kuwalazimisha watoto kurudia darasa. Lakini ninyi wanafunzi mwajua yanayofanyika. Mtoto wa kidato cha tatu ambaye jumla ya alama zake imepungukiwa kidogo huambiwa arudie mwaka, au atafute shule nyingine. Sababu isemwayo ni faida yake, lakini sababu ya kweli mara nyingi ni jina la shule, ili matokeo ya kidato cha nne yasiwe na doa gazetini. Mtoto huyo pengine ana alama nzuri katika jiografia, biolojia na Kiswahili, ila ameanguka katika fizikia na hesabu. Je, ni haki arudie mwaka mzima wa masomo yote kwa ajili ya masomo mawili? Na karo ya mwaka huo nani atailipa? Hapa Katwe najua jibu. Mama yake ataingia katika kidimbwi cha chumvi miezi mingine ya kiangazi, miguu yake ikipasuka kwa maji makali, ili mwanawe asome tena jiografia anayoijua.

Hata Baraza la Mitihani lenyewe limekwisha iacha njia ya jumla. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2024 ulikuwa wa kwanza kwa mtaala mpya. Matokeo yake yalipotoka mwezi wa Februari 2025, hayakuwa na madaraja ya jumla, la kwanza, la pili na la tatu, kama tulivyozoea sisi wa zamani. Kila somo lilipewa herufi yake, A mpaka E, na asilimia 20 ya alama hutoka katika kazi za mwanafunzi shuleni. Ikiwa Baraza latazama somo kwa somo mwishoni mwa safari, mbona sisi katikati ya safari twatazama jumla tu?

Wengine watasema, “Mwalimu huyu ataka kuleta mambo mageni.” Siyo mageni. Wazee wetu waliosoma kabla ya mwaka 1963 wakumbuka miaka 6 ya msingi, kisha miaka 2 ya shule ya kati iliyoitwa junia, ndipo sekondari. Kamisheni ya Profesa Castle ya mwaka huo ilileta mabadiliko, junia ikaondolewa, na shule ya msingi ikawa ya miaka 7. Basi ngazi ya madarasa haikushushwa kutoka mbinguni. Ilitengenezwa na watu, na watu waliitengeneza upya walipoona yafaa.

Tena tutazame wenzetu wa mbali. Huko Norway na Japani mtoto wa shule ya lazima hupanda pamoja na wa rika lake kila mwaka, na aliye dhaifu husaidiwa humo humo darasani. Huko Marekani, katika shule nyingi za sekondari, mwanafunzi huhesabiwa masomo aliyoyapita, akianguka somo moja hurudia somo hilo peke yake, na mengine aendelea nayo. Yawezekana mwanafunzi mmoja akasoma hesabu pamoja na wadogo zake na historia pamoja na wakubwa zake, wala hakuna amchekaye. Sisemi tuige kila kitu, maana wao wana walimu na vyumba vingi kuliko sisi. Nasema tu kwamba dunia haina njia moja ya kumpanga mtoto.

Mimi nashauri mambo matano, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila shule ya mpakani ibandike ofisini karatasi inayolinganisha miaka ya shule ya Uganda, Kongo, Rwanda na Kenya. Mtoto akija, hesabu ya miaka aliyosoma iwe ndiyo mwanzo wa mazungumzo.

Pili, apimwe somo kwa somo, na hesabu na sayansi apimwe kwa lugha anayoijua. Kiswahili kitatosha. Katika kila shule ya Bwera hakosekani mwalimu mmoja awezaye kuuliza maswali kumi ya hesabu kwa Kiswahili.

Tatu, awekwe katika darasa la miaka yake na umri wake, au darasa moja tu chini yake ikiwa pengo ni kubwa. Na kila siku jioni, kwa mihula miwili, afundishwe Kiingereza pamoja na wenzake walio kama yeye.

Nne, baada ya muhula mmoja mambo yake yatazamwe tena. Mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu na mzazi wakae pamoja. Ikionekana apande, apande. Ikionekana ashuke, ashuke, lakini sababu iandikwe na mzazi apewe nakala. Darasa la kwanza alilopewa lisiwe kama hukumu ya mahakama isiyo na rufani.

Tano, mtoto wetu wa kidato cha pili au cha tatu aliyepungukiwa katika masomo mawili asirudishwe mwaka mzima, bali asaidiwe katika masomo hayo wakati wa likizo. Akisaidiwa akashindwa kabisa, ndipo yazungumzwe mengine.

Nitaulizwa, nani atafundisha Kiingereza cha jioni, na nani atafundisha wakati wa likizo? Hapa nawageukia ninyi, wanafunzi wa zamani wenzangu. Tunapokutana katika sherehe za shule twasifu sana siku zetu, twaimba nyimbo za zamani, kisha twarudi makwetu. Miongoni mwetu wako makarani, wauguzi, maofisa wa forodha hapo Mpondwe, askari wa hifadhi ya Queen Elizabeth, na walimu waliostaafu ambao wakaa barazani wakihesabu malori ya chumvi. Kila mmoja akitoa jioni mbili kwa juma, kazi hii yatosha. Hatuombwi fedha. Twaombwa jioni mbili.

Na ninyi mlio wanafunzi sasa, kazi yenu ni nyepesi lakini ni kubwa kuliko zote. Msimcheke mgeni. Mtoto akicheka Kiingereza cha mwenzake siku ya kwanza, huyo mwenzake hatafungua kinywa chake muhula mzima, na asiyefungua kinywa hajifunzi lugha. Afadhali kaeni naye, mwambie, “Nifundishe Kiswahili chako, nami nitakufundisha Kiingereza changu.” Mtakuwa mmefanya biashara ambayo wote wawili wapata faida. Nanyi mwajua, kwa mtihani wenu wa Kiswahili, kwamba faida hiyo mnaihitaji.

Liko jambo moja la historia ambalo sisi wa Kasese hatuna haki ya kulisahau. Rwenzururu ilipoanza mwaka 1962, kati ya malalamiko ya Wakonzo na Wamba chini ya utawala wa Toro yalikuwamo mambo ya shule. Watoto wao hawakupata nafasi sawa na wengine, na lugha ya kufundishia haikuwa yao. Isaya Mukirane, aliyekuwa mkuu wa chama hicho, alikuwa mwalimu. Wazee wetu walijua uchungu wa mtoto anayeonekana mjinga kwa sababu tu amefundishwa kwa lugha isiyo ya mama yake. Haifai sisi wajukuu wao, tulioketi sasa katika kiti cha kuamua, tumpe mtoto mwingine kikombe kile kile.

Kwetu Katwe mnunuzi wa chumvi hatazami gunia wala haulizi gunia limetoka kidimbwi cha nani. Hutia mkono ndani, hutazama weupe wake, huonja, kisha husema hii ni ya kuliwa na hii ni ya mifugo. Ikiwa chumvi tunaipa heshima ya kuonjwa kabla ya kupewa daraja, mtoto wa mtu tumpe heshima isiyopungua hiyo.

Nawaomba walimu wakuu wasioafikiana nami wajibu katika gazeti hili, nami nitasoma majibu yao kwa moyo mweupe. Muhula mpya uko mbele, na watoto watakuja mlangoni. Tukubaliane kabla hawajafika.

Mimi,
Mwanafunzi wa Zamani,
Katwe.